Uhakiki wa Istilahi za Urithi Katika Mimea na Wanyama

Mwalimu afundishaye elimu ya urithi kwa Kiswahili hakosi maneno. Shida yake ni kwamba maneno aliyo nayo yamekwisha kuzoea kazi nyingine. Katika makala haya tunakusudia kuyapima machache kwa kipimo kimoja: je, msomaji akiliamini neno, litamfikisha kwenye hukumu iliyo sahihi? Mifano tumeichukua Kilosa na Mikumi, ambako elimu hii ina kazi shambani na porini.

Tuanze na jeni na kinasaba. Kinasaba lina sifa ya kuzaliwa na nasaba, neno la siku nyingi. Lakini magazeti yamelizoesha katika "vipimo vya vinasaba", yaani DNA kwa jumla. Mwanafunzi anahitaji jina la sehemu moja tu ya DNA, ile inayobeba maelekezo ya kazi fulani mwilini. Twaonelea jeni lishike kazi hiyo, na vinasaba liachiwe kazi lililokwisha kuipata.

La pili ni chotara. Katika kilimo, mbegu chotara ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili teule walio tofauti. Pembeni yake huwekwa mbegu za mchanganyiko, ambazo mimea yake huchavushana kwa uhuru shambani. Staha, aina ya mahindi iliyotolewa mwaka 1983 kutokana na utafiti wa Ilonga, wilayani Kilosa, ni ya uchavushaji huria. Sasa sikio la mkulima litatofautishaje chotara na mchanganyiko, ikiwa yote mawili humwambia kwamba vitu vimechanganywa? Zaidi ya hayo, zote huitwa "mbegu bora".

Hasara yake si ya maneno tu. Mkulima wa Staha akichagua mahindi mema, na shamba lake likiwa mbali na chavua za aina nyingine, anaweza kurudia mbegu yake kwa misimu kadhaa. Akifanya vivyo hivyo kwa chotara, sifa zilizounganishwa hutawanyika katika kizazi cha pili. Mimea haifanani, na mavuno hupungua. Tunapendekeza chotara libaki, mchanganyiko liondoke, na mahali pake pawe mbegu ya uchavushaji huria. Ni jina refu, lakini halidanganyi.

La tatu ni tawala, kwa jeni ambayo nakala yake moja yatosha kudhihirisha sifa. Neno hili humfanya mwanafunzi adhani kuwa jeni hiyo ina nguvu zaidi, inafaa zaidi, au imeenea zaidi. Tembo wanalipinga. Huko Mikumi, na katika hifadhi nyingine zilizoumizwa na ujangili, wameonekana tembo majike wasio na pembe. Jambo hili limechunguzwa kwa kina Gorongosa, Msumbiji. Wakati wa vita vya 1977 hadi 1992 wenye pembe waliuawa zaidi, na majike wasio na pembe wakaongezeka kutoka kama asilimia 18.5 hadi 50.9. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 waelekeza kwenye jeni iliyo katika kromosomu ya X. Jike mwenye nakala yake moja hukosa pembe. Dume aipataye hufa kabla ya kuzaliwa.

Hapa basi kuna jeni "tawala" iliyokuwa ya wachache kabla ya vita, na inayowaua madume waliyoirithi. Imetawala nini? Kilichoieneza ni risasi za majangili, si cheo chake. Kwa hiyo tunapendekeza jeni bayana, na mwenzake aitwe jeni fiche. Bayana lasema tu kwamba sifa inaonekana. Halisemi habari za nguvu wala wingi.

Wafasiri na walimu wasione kuwa huku ni kubishania herufi. Istilahi ni hukumu iliyofupishwa. Ikipotoka, mwanafunzi hukosa jibu la mtihani, na mkulima hukosa mavuno ya mwaka mzima.