Kanuni ya chuo hupitia wapi kabla ya kufika kwenye valve

Katika vyuo vikuu vya Kongo, ubao wa matangazo unaitwa valve. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kalemie anapokutana na sera ya chuo chake: karatasi moja ya Kifaransa, namba ya waraka juu, sahihi na mhuri chini. Anaipiga picha kwa simu, anawarushia wenzake, anakwenda zake. Karatasi ile haisemi nani aliijadili, katika kikao gani, wala nani alikuwa na uwezo wa kuikataa. Tuifuate ilikotoka.

Chuo Kikuu cha Kalemie, UNIKAL, kilianza kama tawi la Chuo Kikuu cha Lubumbashi kabla ya kusimama chenyewe, na kinafuata ngazi zilezile za vyuo vya umma nchini. Chini kabisa ni idara. Walimu wanakaa, wanabishana, katibu anaandika PV, yaani muhtasari wa kikao. Pendekezo likipita linapanda kwenye baraza la kitivo, mbele ya dekano, kisha kwenye komite ya uongozi: rekta, makatibu wakuu na msimamizi wa bajeti. Baraza la chuo huwakutanisha hao na madekano. Lakini ngazi haziishii Kalemie, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kuna baraza la utawala ambalo ni moja kwa vyuo vikuu vyote vya umma, na kuna waziri wa elimu ya juu, ambaye kila mwaka hutoa maelekezo ya kitaaluma yanayopanga kalenda na mengine mengi. Kanuni za ndani na mgawanyo wa masomo kwa walimu vinaweza kumalizwa Kalemie. Programu na ada zina mkono wa Kinshasa.

Mpangilio huu una historia. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa kimoja, UNAZA, chenye uongozi mmoja. Miaka 10 baadaye vilitenganishwa, na amri-sheria namba 81-025 ya tarehe 3 Oktoba 1981 ikaweka muundo ambao bado unatambulika hadi leo. Vyuo vilirudishiwa majina na marekta, ila kitovu kilibaki kulekule.

Mfano unaoonyesha vizuri jinsi mashine hii inavyofanya kazi ni mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na udaktari. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilikwisha kuufungulia mlango. Septemba 2021 wadau wa elimu ya juu walikutana Lubumbashi, na wizara, chini ya waziri wa wakati huo Muhindo Nzangi, ikataka vyuo vyote vianze na mwaka wa masomo 2021-2022, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Amri ya serikali inayopanga mfumo wenyewe, namba 22/39, ina tarehe ya 8 Desemba 2022. Pimeni nafasi hizo. Kutoka sheria hadi uamuzi wa Lubumbashi ni miaka zaidi ya saba. Kutoka uamuzi hadi darasani ni miezi tu. Na amri ikaja wakati wanafunzi wamekwisha kuingia. Muda mrefu ulitumika juu, na mfupi kabisa ukaachiwa idara, ambayo ndiyo yenye kazi nzito.

Uzito wake unaonekana ukikaa mbele ya jedwali la programu, ambalo walimu wanaliita maketi. Muhula mmoja ni krediti 30, mwaka 60, lisansi nzima 180. Hesabu haina huruma: somo likiongezwa krediti mbili, lazima lingine lipungue mbili. Kwa hiyo kila mstari wa jedwali ni mapatano kati ya watu. Mwalimu aliyefundisha somo lake kwa miaka mingi anaambiwa litaunganishwa na la jirani kuwa kitengo kimoja. Zamani mwanafunzi alipata gradua kwa miaka mitatu, kisha lisansi kwa miwili. Sasa lisansi yenyewe ni ya miaka mitatu. Jina ni lilelile, kipimo kimebadilika, na mzazi mjini anastahili kuelezwa. Kazi ya namna hii inahitaji kikao cha kwanza, cha pili, kurudishwa na kitivo, kurekebishwa, kupanda tena. Kikao kikifanywa kwa haraka, PV itapatikana, lakini jedwali litakuwa la kunakiliwa kutoka chuo kingine chenye walimu ambao Kalemie haina.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, vyuo vikuu vina Tume ya kuvisimamia chini ya sheria ya mwaka 2005. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Seneti yake na Baraza lake, na sera za ndani hukatiwa shauri humo. Sisemi Kongo iige. Ila umbali kati ya aliyeandika kanuni na atakayeishi nayo ni mfupi zaidi kule, na jambo hilo lina faida.

Umbali ukizidi, gharama yake inajulikana. Januari 2020 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kinshasa waliingia barabarani kupinga kupanda kwa ada. Kulikuwa na ghasia na polisi, masomo yakasimamishwa, wanafunzi wakaamriwa kuhama mabweni. Ada ndiyo sera ambayo kila familia inaielewa bila kusoma waraka. Ikifika kwenye valve bila kupita masikioni mwa wanaolipa, mjadala uliorukwa kikaoni utafanyika njiani.

Kwa wakuu wa vyuo vyetu nina ombi ambalo halihitaji bajeti wala ruhusa ya Kinshasa. Kila tangazo likibandikwa, bandikeni pembeni yake ukurasa mmoja: idara gani ilipendekeza, kitivo kilibadilisha nini, baraza liliidhinisha lini, na kipengele kipi kimeamriwa na wizara. Andikeni kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na ndiyo lugha ya mzazi wa Kalemie anayelipa ada hiyo.