Subira ya Owen na Mzee

Kitabu cha watoto kiitwacho Owen & Mzee kilitoka mwaka 2006, na mpaka leo sijaona kingine kinachosimulia habari za wanyama kwa subira kama hicho. Kisa ni cha kweli. Tsunami ilipofika pwani yetu Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyekuja kuitwa Owen alibaki peke yake karibu na Malindi, amekwama kwenye mwamba wa baharini. Wavuvi na wanakijiji walihangaika naye kwa nyavu mpaka wakamtoa, akapelekwa Haller Park, Mombasa. Huko alimkuta Mzee, kobe wa Aldabra mwenye umri wa miaka 130 hivi, akajibanza nyuma yake.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia waandishi. Mwenye haraka angewafanya marafiki papo hapo, tena awape na maneno ya kusema. Isabella Hatkoff, baba yake aitwaye Craig, na Paula Kahumbu hawakukubali njia hiyo ya mkato. Mzee anamfukuza mgeni, kisha anajikokota kwenda zake. Owen anamfuata. Mzee anasogea tena, na Owen yuko nyuma. Asubuhi wanakutwa wamelala pamoja. Mtoto anayesomewa amepewa muda wa kuogopa kwamba Owen atakataliwa. Bila hofu hiyo, kulala pamoja kusingekuwa na uzito wowote.

Tazama pia picha za Peter Greste. Kichwa cha kiboko kimeegemea gamba la kobe, na hakuna sentensi inayohitajika kutuambia kwamba Owen amepata kwao. Na kwa nini kobe alimkubali? Kitabu hakijifanyi kujua.

Sisi wa Kachibora, Trans Nzoia, hatuna bahari, lakini tuna Saiwa si mbali, hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba 3 hivi, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe. Ni swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka zinazomwezesha kutembea matopeni, na akihofu huzama majini akaacha pua tu. Humwoni ukiwa garini. Unatembea kwa miguu, unapanda jukwaa la mbao, unasubiri. Walimu na wachoraji wa Trans Nzoia, pandeni jukwaa hilo na daftari. Nzohe bado anangoja kitabu kilichofanyiwa kazi kwa subira kama hiyo.