Fantasia na Hadhi Yake: Kutoka Kiapo cha Likoni Hadi Walenisi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, ulizoea kuipima kazi ya sanaa kwa kigezo cha uhalisia. Kwa kipimo hicho, fantasia ilionekana kuwa mchezo wa watoto, au njia ya kuyakimbia matatizo ya jamii. Euphrase Kezilahabi aliutikisa mtazamo huo kwa Nagona (1990) na Mzingile (1991), lakini swali la msingi lingalipo: je, yasiyowezekana yana hadhi gani katika sanaa?

Pwani ya Kenya imewahi kuonyesha kwamba swali hili si la darasani tu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, zikazuka ghasia zilizowaua makumi ya watu na kuwahamisha maelfu. Ilibainika baadaye kwamba wengi wa wavamizi hao walikuwa wamelishwa kiapo na kupewa kinga za kiganga, wakaamini kuwa risasi hazingewadhuru. Hayo yalikuwa maajabu, lakini hayakuwa fantasia. Fanani wa ngano huita "Paukwa!", hadhira ikaitikia "Pakawa!", kwa mwitiko huo pande zote mbili hukubaliana kuingia katika ulimwengu usiokuwapo, zikijua kwamba zitatoka. Kiapo hakina paukwa. Humtaka mtu aingie asitoke.

Miaka miwili kabla ya ghasia hizo, Katama Mkangi, mwandishi wa pwani hiyo hiyo aliyewahi kutiwa kizuizini mwaka 1986, alichapisha riwaya ya Walenisi (1995). Mhusika wake mkuu, Dzombo, mwenye jina la Kimijikenda, anahukumiwa kifo na kurushwa angani ndani ya chombo. Badala ya kufa, anafika katika jamii ya watu walio sawa. Kuna kurasa ambamo maelezo ya mfumo wa jamii hiyo yanaielemea hadithi, na fantasia ikageuka mahubiri. Hata hivyo, jina la nchi hiyo linaikomboa kazi nzima. Likitenganishwa, husomeka "wale ni sisi", na msomaji aliyedhani amesafirishwa mbali hujikuta amerejeshwa kwake, akiwa na macho mapya.

Hadhi ya fantasia, basi, haipimwi kwa umbali inakompeleka msomaji, bali kwa uaminifu wake katika kumrudisha.