Kupima Msimbo kwa Kituo cha Mwisho

Aliyeko Magoma, chini ya milima ya Usambara, akitaka programu ya Python imwandikie tangazo la basi, anahitaji sentensi kama hii: “Basi litapita Korogwe, Magoma na Mashewa.” Majina hutenganishwa kwa mkato, lakini la mwisho hutanguliwa na “na”. Neno hilo dogo linatosha kukuonyesha fundi ni nani. Ukikabidhiwa kazi ya namna hii uipime, tazama haya.

Cha mwisho kinatambuliwa kwa nini? Msimbo dhaifu hutazama jina: `if kituo == vituo[-1]`. Kwa orodha ya hapo juu hutaona kasoro. Upe safari ya kwenda na kurudi: Korogwe, Magoma, Korogwe. Kituo cha kwanza kinalingana na cha mwisho, na papo hapo “na” inachomoza mwanzoni mwa orodha. Kitu huwa cha mwisho kwa nafasi yake. Kwa hiyo fundi hutumia `enumerate`, akalinganisha nafasi na `len(vituo) - 1`, kwa kuwa Python huanza kuhesabu na 0.

Swali linaulizwa mara ngapi? Kuuliza “je, hiki ndicho cha mwisho?” katika kila mzunguko ni kazi ya bure kama orodha nzima unayo. Kitenge mapema:

`", ".join(vituo[:-1]) + " na " + vituo[-1]`

Huo ndio msimbo ninaoupenda: unasomeka kwa mpangilio uleule wa sentensi unayoitaka. Na kama haja ni mkato tu, `", ".join(vituo)` inatosha; `join` huweka kitenganishi kati ya vitu, haikiachi kikining'inia mwishoni.

Orodha fupi zinapokewaje? Hapa hata mstari ule mzuri hujikwaa. Kikiwapo kituo kimoja, unatoa “ na Magoma”. Orodha ikiwa tupu, programu inakatika kwa `IndexError`. Fundi makini huzishughulikia hali hizo mbili kwanza.

Je, data ikija kidogokidogo? Jenereta haina `len`, wala haikatwi vipande. Kazi bora hushika kitu kimoja, huchukua kinachofuata, ndipo hutoa kile kilichoshikwa. Vikiisha, kilichobaki ndicho cha mwisho. Hakuna haja ya kujaza kumbukumbu ya kompyuta kwa orodha nzima.

`else` imewekwa wapi? `else` iliyofungwa kwenye `for` hutekelezwa mzunguko ukiisha bila `break`. Wakati huo kitu cha mwisho kimekwisha kupita ndani kama wenzake. Ukiona imetumiwa kukibagua, rudisha kazi.

Basi jaribu kwa orodha tupu, ya kimoja, ya viwili, ya vitatu, na yenye jina linalojirudia. Kati ya misimbo itakayofaulu kote, chagua ule ambao mwenzako ataweza kuusahihisha bila kukuuliza.