Kamba ya Iyangura: Mikasa ya Safari na Kukutana Tena katika Masimulizi ya Masisi na Walikale

Safari ni dhamira kongwe katika fasihi ya Kiswahili, lakini uhakiki umeizoea kwa sura moja tu. Mtu huondoka, hupambana na vikwazo, kisha hurudi na mali, elimu au jina. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni kielelezo cha sura hiyo. Humo bara la Manyema ni uwanja wa vitendo, na Unguja ni mahali pa kukopa mtaji na kupeleka pembe. Wanaosubiri nyumbani karibu hawana sauti. Kipimo hiki kinapopelekwa Masisi na Walikale, katika Kivu Kaskazini, kinashindwa mara moja, kwa kuwa masimulizi ya safari yanayosikika zaidi huko hayana shujaa. Yana mzee na mkewe waliopotezana njiani, na yanaeleza jinsi walivyoonana tena.

Masimulizi ya namna hii huchukuliwa kuwa maongezi tu, na wakusanyaji wa fasihi simulizi huyapita wakitafuta ngano na methali. Makala haya yanashikilia kwamba ni utanzu wenye kanuni zake, na kwamba kanuni mojawapo ilikwisha kuwekwa wazi, hukohuko Walikale, katika utendi wa Mwindo.

Mazingira yenyewe yaelezwe kwa ufupi. Masisi ni nchi ya vilima, malisho ya ng'ombe na mashamba ya mteremko. Walikale, wilaya kubwa kuliko zote katika jimbo hilo, ni nchi ya msitu na mito, na mji wake umekaa kando ya mto Lowa. Barabara itokayo Sake hupanda hadi Masisi, hupita Nyabiondo na Kashebere, kisha hushuka kuelekea msituni. Mvua inaponyesha, lori hukwama, na abiria hulala palepale lilipokwama. Mikasa ya matope ingetosha kuzaa hadithi hata kama pasingekuwa na vita. Lakini vita vilikuja. Mapigano yaliyozuka Ntoto, wilayani Walikale, mwezi wa Machi 1993, yalienea hadi Masisi, na tangu hapo mawimbi ya kukimbia yamefuatana, hadi lile la mwaka 2025, M23 ilipoiteka miji ya Masisi, Sake na Goma mwezi wa Januari, na Walikale mwezi wa Machi kabla ya kuondoka humo. Hivyo neno "safari" katika masimulizi haya lina maana mbili zisizotengana. Mtu alikwenda sokoni, na mtu alikimbia. Mara nyingi ni siku ileile.

Kwa upande wa fani, jambo la kwanza la kuzingatiwa ni kwamba hadithi ina wasimulizi wawili. Chukuliwe mfano wa kubuni, wa kawaida kabisa: mzee amepanda lori kwenda kuuza maharage, mkewe amebaki Nyabiondo, lori linakwama siku tatu, mama anakimbia na majirani kwa sababu ya milio ya risasi, mzee anarudi na kukuta mlango umefungwa kwa kamba ya mgomba. Mzee husimulia matope, mama husimulia mlango. Mzee akisema siku tatu, mama humkatiza: "Baba, zilikuwa nne, siye niliyekuwa nahesabu?" Masahihisho hayo ndiyo uti wa mgongo wa hadithi. Aliyesafiri anayo matukio, aliyesubiri anayo hesabu ya siku, na hakuna mmoja anayeweza kuikamilisha hadithi peke yake. Mhakiki anayenakili maneno ya mzee na kuyaacha ya mama kwa kuyaona ni kelele za pembeni atakuwa amenakili nusu ya matini.

Hapa ndipo Mwindo anapohitajika. Utendi huo uliimbwa na kusimuliwa kwa Kinyanga na manju Rureke, mwaka 1956, ukachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, msomi aliyekuwa mwenyewe Mnyanga. Wengi wameusoma kama habari ya mtoto wa ajabu aliyekataliwa na babake, mtemi Shemwindo wa Tubondo, akanusurika kuuawa na kumfuata baba huyo hadi kuzimu. Usomaji huo si wa makosa, ila unamtazama yule anayetembea tu. Mwindo anaposhuka kuzimu, shangazi yake Iyangura hubaki juu ameshika ncha ya kamba. Makubaliano ni kwamba kamba ikitikisika, Mwindo yu hai, ikitulia, amekufa. Kisha kamba hutulia kweli, pale Muisa anapompiga Mwindo kwa mkanda wake wa kichawi, na Iyangura huamini kwamba kijana wake amekwisha. Baadaye usinga wa Mwindo humwinua, na kamba huanza kutikisika tena.

Kamba hiyo si pambo la hadithi, kwa maana inaifanya safari kuwa kazi ya watu wawili. Aliye chini hufanya vitendo. Aliye juu husoma ishara, huikosea, hulia kabla ya wakati, kisha hurekebishwa. Wazee wa Masisi na Walikale wameishi na kamba za namna nyingi: salamu zilizotumwa kwa dereva wa lori, barua za Msalaba Mwekundu za kutafutana, simu inayolazimu kupanda kilima ili kupata mtandao. Na kila moja hutulia wakati fulani. Kilele cha hisia katika masimulizi yao hakiko kwenye hatari aliyoipata msafiri, bali pale kamba ilipotulia na aliyebaki akalazimika kuamua kama ataanza kilio au atangoje. Mama anayesema "sikukubali kukalia matanga" anaeleza tendo zito kuliko kuvuka mto.

Sehemu ya pili ya utendi inayohusika ni ile ya kufufuliwa kwa watu wa Tubondo. Kijiji kilikuwa kimeteketezwa kwa radi ya Nkuba. Mwindo anarudi na babake, na kwa usinga wake anawafufua watu wote. Rureke hataji furaha ya jumla, anataja kazi. Aliyekufa akisonga ugali anafufuka akisonga. Aliyekuwa akilima anafufuka akilima, mfinyanzi akifinyanga, mwenye uchungu wa uzazi akiwa katika uchungu uleule. Na aliyekufa akigombana na mwenziwe anafufuka katikati ya ugomvi. Msikilizaji hucheka, na ni haki yake kucheka. Lakini ucheshi huo umebeba fasili kamili ya kukutana tena: watu hawajarudishwa hadi warudishiwe kile kilichokatizwa, pamoja na ugomvi wao.

Kwa mujibu wa fasili hii, masimulizi ya wazee yanaeleweka vizuri zaidi. Mgeni asiyezoea hushangaa kwamba hadithi ya miezi ya kutengana humalizikia kwenye jambo dogo, kwamba mzee aliingia ndani, na kabla hajakaa aliulizwa kuhusu fedha za maharage. Je, huku ni kukosa hisia? La hasha. Swali la fedha za maharage ndilo ugomvi uliofufuliwa palepale ulipoachwa. Machozi huweza kutolewa hata kwa mgeni. Kuulizwa hesabu ya maharage ni haki ya mume aliyerudi.

Inawezekana kupinga kwamba kulinganisha utendi wa watemi na maongezi ya wakulima ni kuchanganya mambo, na kwamba nchi iliyojaa makaburi haina nafasi ya kuchambua vichekesho vya wazee. Pingamizi la kwanza lina nguvu kiasi, kwa kuwa Mwindo hutembea kwa nguvu za usinga, na mzee wa Nyabiondo hana kitu ila miguu na nauli. Hata hivyo, orodha ya Rureke haikuhusu watemi. Iliwahusu wasonga ugali. Pingamizi la pili halina budi kukataliwa. Taarifa za vita huwageuza watu wa Masisi kuwa idadi ya waliohama na waliorejea, na "kurejea" humo huwa ni kuonekana tena mahali. Mwezi wa Februari 2025 watu waliokuwa katika kambi za kuzunguka Goma waliamriwa na M23 kuondoka, nao wakashika njia, wengi wao kuelekea Masisi. Katika taarifa huko ni kurejea. Kwa kipimo cha Rureke bado si kukutana tena, maana shamba, sufuria na ugomvi havikuwa lazima vinawangoja. Uhakiki ukishindwa kutofautisha mambo hayo mawili, ni nani atakayetofautisha?

Kuhusu lugha, neno moja latosha. Masimulizi haya hupita katika Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda, na yanapofika kwenye lori na sokoni huvaa Kiswahili cha Kongo. Msimulizi husema "tulilala mu njia", na mhariri wa sanifu hukimbilia kuandika "njiani". Afadhali asifanye hivyo. "Njiani" humweka mtu katika mwendo. "Mu njia", katika kinywa cha mtu aliyelala humo siku nne, inasikika kama jina la mahali, karibu kama kijiji.

Lipo pengo moja ambalo utendi haukulijaza. Iyangura aliyeshika kamba pale Tubondo ni mke wa Mukiti, na mwanzo wa utendi umetumia nafasi kubwa kueleza posa na ndoa yao. Amemwacha mumewe majini ili amfuate mtoto wa kaka yake. Wakati wote anaposubiri, Mukiti naye anasubiri, na hakuna kamba iliyofungwa kati yao. Rureke haingii katika nyumba hiyo. Wazee wa Masisi na Walikale ndimo wanamoanzia.