Gari Lililoinuliwa Mkia

Katika karakana za Tunduma pana msemo ambao kila nikiusikia hunikera, nao ni "kuongeza uwezo wa gari". Mwenye pikapu huja na malalamiko kwamba akipakia magunia ya mahindi, au akifunga tela nyuma, gari linaketi. Fundi hulala chini, akachungulia, akatoa dawa: tuongeze majani mawili ya springi. Jioni gari hutoka limenyooka mgongo, na mwenyewe huondoka akiamini kuwa sasa anaweza kubeba zaidi ya jana.

Nathubutu kusema kwamba hawezi. Springi hukaa kati ya bodi na ekseli. Ukiongeza jani, springi inakuwa ngumu zaidi, basi. Ekseli, beringi, matairi, breki na chesisi vimebaki vile vile vilivyotoka kiwandani. Mtengenezaji alipoandika uzito wa mwisho kwenye kibao cha gari alivitazama vyote hivyo kwa pamoja, na kibao hakibadiliki kwa sababu ya boliti zilizokazwa Tunduma. Kuketi nyuma ndiyo lugha ya gari lililoelemewa, na fundi amelifunga mdomo.

Kwenye tela jambo hili ni zito zaidi, na hapa naomba radhi kwa msomaji asiyependa hesabu. Chukua pikapu ambayo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma pana mita 3, na ndoano ya tela iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tela la kilo 2,000 linaegemeza kilo 250 juu ya ndoano. Kwa kanuni ya wenzo tuliyofundishwa sote shuleni, ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 250 bali 350. Zile 100 za ziada zimetoka wapi? Zimenyang'anywa magurudumu ya mbele, yaani yale yale yanayopinda kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari. Sasa ongeza majani ya springi, au weka springi za upepo, au vipande vya mpira. Mkia utapanda, taa zitaacha kumulika mawinguni, lakini zile kilo 100 hazijarudi mbele. Dereva anautazama mgongo ulionyooka na kujiona salama, huku usukani ukiwa mwepesi mkononi mwake. Akianza kuushuka mteremko wa Senjele, hapo ndipo atakapozihitaji.

Niliwahi kumwonyesha fundi mmoja hesabu hii. "Mwalimu," akasema, "mteja analipia gari likae sawa. Hesabu hailipiwi." Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naona fundi huyo anajua biashara yake kuliko mimi. Kosa kubwa liko kwa yule anayenunua kimo akidhani ananunua nguvu.

Malori makubwa yana hakimu wao. Mizani ya Mpemba haiulizi lori limesimama vipi, hupima ekseli. Ekseli moja yenye matairi manne mwisho wake tani 10, na lori zima na tela lake tani 56, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019. Sababu yake si uchoyo wa serikali. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa madhara kwa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Pakia tani 12 mahali pa 10, na umeikwangua lami mara mbili. Mawimbi na mashimo ya barabara yetu yana historia hiyo ndani yake. Lakini sheria hiyo imelenga magari yanayozidi kilo 3,500. Pikapu ya mkulima wa kahawa wa Mbozi hupita pembeni, wala haina mizani nyingine ila mkia wake, nao ndio tunaoupandisha kwa springi.

Sisemi vifaa hivi havifai. Springi iliyochoka ibadilishwe. Anayebeba mzigo ule ule kila siku, usiozidi kibao, jani la ziada litamfaa, ingawa siku gari likiwa tupu litarukaruka kwenye changarawe na magurudumu yatashika njia kwa shida. Anayebeba leo na kesho hana mzigo, springi za upepo ni bora, kwa kuwa upepo hupunguzwa. Mwenye tela atafute kwanza ndoano yenye vyuma vya kugawa uzito, ambayo ndiyo hasa hurudisha mbele sehemu ya zile kilo zilizoibwa. Springi zifuate baadaye, kama bado zitahitajika. Na kabla ya yote hayo apime kwa futi kimo cha bampa ya mbele, mara moja gari likiwa peke yake, mara ya pili tela likiwa limefungwa na kupakiwa. Bampa ikiwa imepanda, kazi ya fundi inaanzia kwenye ndoano.