Upepo Mkavu: Jinsi ya Kuzikagua Bomba za Kompresa

Wengi wakiingia kwenye banda la fundi hutazama kwanza kompresa: kubwa kiasi gani, mpya au mtumba, imetoka Dubai au wapi. Mimi huanza na bomba. Kompresa inauzwa ikiwa tayari, hata asiyejua kitu anaweza kununua iliyo nzuri. Bomba fundi huzifunga mwenyewe, na hapo ndipo utakapomjua. Swali langu ni moja tu: maji yanakwenda wapi?

Hapa Tumbe swali hilo halikwepeki. Tuko ufukweni, kaskazini mwa Pemba, na hewa yetu ina unyevu na chumvi hata kiangazi, sembuse masika. Chukua mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Ndani yake mna takriban gramu 24 za maji. Ishindilie mpaka geji isome baa 7, itabaki sehemu moja ya nane ya ukubwa wake, na ikisharudi kwenye joto lake la kawaida haiwezi kubeba mvuke unaozidi gramu 4. Gramu 20 zilizobaki zimegeuka maji, na maji hayo yamo mtungini au bombani. Anayejaza upepo tairi la bodaboda hatayaona. Anayepuliza rangi kwenye boti ya faiba atayaona siku hiyohiyo, kwa vitone na mabaka.

Basi chukua pimamaji, uilaze juu ya bomba kuu. Bomba lililonyooka sawasawa linapendeza macho lakini halifai. Linatakiwa lishuke, kiasi cha sentimita moja kwa kila mita, kuelekea mwisho wenye koki ya kumwagia maji. Kisha tazama tii. Tawi zuri hutokea juu ya bomba kuu, hupanda kidogo, hupinda, ndipo hushuka ukutani. Fundi aliyelitoa tawi upande wa chini ameyaelekeza maji moja kwa moja kwenye bunduki ya rangi. Tena chini ya pale mpira unapochomekwa, bomba liendelee kushuka kama shubiri moja, lenye koki mwishoni, maji yakusanyike humo. Ifungue koki hiyo mwenyewe. Ikiwa imeganda kwa kutu, umeshapata jibu: haijafunguliwa siku nyingi.

Kichujio kilichofungwa ubavuni mwa kompresa nacho hunitia shaka. Upepo unapotoka mtungini huwa bado wa moto na maji yake yangali mvuke, na kichujio cha kawaida hunasa matone tu. Uache kwanza upite mita 7 au 8 za bomba ya chuma au shaba, upoe, ndipo uchujwe, karibu na pale utakapotumika.

Nikikuta bomba za plastiki za maji, zile za PVC, ukaguzi unaishia hapo. Bomba la maji likipasuka hulowesha sakafu. La upepo hulipuka, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa hutanuka ghafla na kurusha vipande vyenye ncha. Mwaka 1988 OSHA, idara ya usalama kazini ya Marekani, ilitoa tahadhari dhidi ya kuzitumia bomba hizo kwa upepo. Kusema limekaa miaka bila tatizo si hoja, maana jua na joto hulidhoofisha mwaka hadi mwaka. Bomba ya chuma iliyopakwa zinki inafaa, ingawa kwetu huliwa na chumvi kwa nje na maji kwa ndani. Shaba ni ghali, na kwa mazingira ya Tumbe ndiyo chaguo langu.

Kati ya kompresa na bomba kuwe na kipande cha mpira, kwa sababu ya mtikisiko. Hili halina mjadala.

Kuvuja husikilizwa. Ngoja mafundi waende kusali alasiri, mtungi umejaa, kelele zimetulia, usimame kwenye kila kiungo, kisha upake povu la sabuni. Tundu la milimita moja kwenye baa 7 hupoteza karibu lita 60 za hewa kwa dakika, na kompresa ndogo ya nyumbani mara nyingi haitoi zaidi ya lita 200. Ndiyo maana unasikia mashine inajiwasha na hakuna anayeitumia. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, lakini uniti ni za kununua.

Ukitaka boti yako ipakwe rangi, mwombe fundi apulize kwanza upepo mtupu kwenye kioo safi kwa nusu dakika. Kioo kikitoka na umande, ipeleke boti kwa fundi mwengine.